Viti Vidogo vya Bi Haverstock

Uliona. Usiniambie hukuona. Ule mlango wa chumba cha watoto, kando ya maegesho ya chuo, ulipigwa kufuli na vioo vyake vikabandikwa karatasi, na wewe ukapita na kahawa yako mkononi, ukageuza shingo kama mtu aliyeitwa upande wa pili. Hakuna aliyekuita. Nilikuwa nimekaa pale kwenye ngazi. Nakukumbuka mpaka rangi ya viatu.

Basi leo utasikiliza.

Kile chumba kilikuwa chetu, sisi akina mama tunaolea peke yetu, tunaoishi kwa msaada wa kaunti huku tunasoma. Unamwacha mtoto, unaingia darasani, ukirudi unamkuta amekula na ana rangi puani. Kisha Bi Haverstock, mkuu wa ofisi ya kusaidia wazazi (kusaidia, eti!), akakifunga. Kilipofunguliwa tena kilikuwa na makochi ya ngozi na kibao mlangoni: Sebule ya Wafadhili. Viti vya watoto, vile vidogo vyekundu na vya manjano, vikarundikwa stoo ya jikoni.

Delphine Ruelas alikuwa amebakiza muhula mmoja awe muuguzi. Binti yake, Ximena, ana miaka mitatu. Bibi yake Ximena hupakia matunda ya pichi masandukuni ghalani tangu alfajiri, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwachia. Siku moja Delphine akaja naye kwenye mazoezi ya uuguzi, akamkalisha kwenye kona na zabibu kavu. Mwalimu akawatoa wote wawili. Sheria ya mafunzo yale haina utani: ukikosa mazoezi mara nyingine, umetoka. Ukitoka chuoni, kaunti nayo inakata msaada. Pale ndipo Delphine aliposimama, ukingoni, mtoto mgongoni.

Tukaenda kwa Haverstock, yeye na mimi.

"Delphine, mpenzi wangu, nitazungumza na mwalimu," akasema, sauti imepakwa asali. "Ila na wewe unifae. Kwenye chakula cha wafadhili, utatoa ushuhuda. Waeleze wewe na mtoto mlivyolala ndani ya gari mlipokosa nyumba."

"Na chumba cha watoto?"

"Tusichanganye mambo. Halafu ulie kidogo, eh? Yule wa mwaka jana alicheka, watu wakarudisha pochi mifukoni."

Kila masika huwa hivyo. Anamchagua mama mmoja, anamvika koti kutoka kabati la nguo za hisani, anamsimamisha mbele ya watu wanaokula. Nawakumbuka wote. Wawili walishika kipaza sauti wakalia walivyoagizwa, na wiki iliyofuata hakuna aliyewaita kwa majina.

Lakini yule mwanamke alifanya kosa. Kaunti hutulazimisha kufanya kazi ili tusikatiwe msaada, na yeye, kwa ubahili, hutupeleka jikoni. Sisi ndio tunaopikia wafadhili wake. Sisi ndio tunaotandika meza na kupanga viti. Miaka yote ametutazama tukipita na sahani asituone.

Asubuhi ya siku yenyewe, Panhia, mama wa mapacha, alikuwa anakata vitunguu.

"We Delphine, umeshajifunza kulia? Sogea hapa, nikufundishe bure."

"Niache, Panhia. Machozi yamekwisha."

"Basi walie wao." Akatupa jicho stoo. "Hivi jamani, wafadhili wana makalio mapana kiasi gani?"

Tulicheka mpaka sufuria zikaitikia.

"Utatufukuzisha," nikamwambia.

"Kutufukuza wapi, shoga? Mlango si ulishafungwa?"

Delphine hakucheka. Aliyekuwa na cha kupoteza ni yeye. Akaenda stoo, akachomoa kiti kimoja cha manjano chenye alama za meno ya Ximena, akakifuta kwa aproni.

"Vitoeni vyote," akasema.

Viti vikubwa vya ukumbi wa chakula tukavijaza kwenye ile sebule yao, tukafunga; vidogo tukavipanga mezani. Ufunguo niliutumbukiza mwenyewe kwenye birika la kahawa.

Wakaingia, suti na lulu. Bwana Eklund, mzee mwenye mashamba ya lozi, alikaa. Magoti yakafika masikioni, kidevu kikalala kwenye kitambaa cha meza. Haverstock akanijia amewiva kama nyanya.

"Viti viko wapi?"

"Si hivyo hapo, mama."

"Nasema viti vya watu!"

"Hivyo ni vya watu, mama. Wadogo."

Delphine akashika kipaza sauti, macho makavu. "Bi Haverstock aliniomba nilie. Sitalia. Viti mlivyokalia ni vya watoto wetu. Chumba chao ndiyo sebule yenu. Kwa sababu hiyo nakaribia kufukuzwa uuguzi."

"Mimi niliambiwa hakuna watoto tena," akasema Eklund kutoka chini kule.

Watu wote wakamgeukia Haverstock. Mkuki kwa nguruwe! Sitasema nilimhurumia. Nilimmiminia kahawa polepole, nipate kumtazama vizuri.

Jumatatu yake Delphine aliondolewa kwenye mafunzo. Utovu wa nidhamu, walisema. Eklund alipanda gari lake akaenda, na chumba bado ni sebule.

Leo jioni baraza la chuo linakaa kuamua kama Delphine anarudi. Haverstock atakuwepo, na asali yake. Atasema chumba kilikuwa kitupu, hakikuwa na mtoto, na sisi maneno yetu ni maneno ya wenye kinyongo. Wewe hupokei msaada wa kaunti. Wewe ulipita pale ukawasikia watoto wakiimba, kisha ukakuta kufuli. Wewe watakuamini.

Kiti chako nimeshakiweka mstari wa mbele, ni cha manjano. Weka kikombe chini, chukua funguo za gari, njoo useme ulichoona. Inuka sasa hivi.