Swichi ya Nne Kutoka Kushoto

Ndege ndogo ikitua kwenye uwanja wetu nje ya Lanet, mimi ndiye huingia na kitambaa kufuta vumbi. Naanza na viti, namalizia na swichi za rubani. Siku tatu mfululizo, kwenye ndege nyeupe ya Kapteni Jepkemei, swichi ya nne kutoka kushoto ilinichoma kidole. Zingine zote zilikuwa baridi. Sikumwambia mtu. Mimi hata watu nawasalimia nikiangalia viatu vyao.

Leo asubuhi Fundi Muturi alikuja kuikagua kabla haijapeleka dawa Maralal. Nilikuwa kiti cha nyuma nikifuta dirisha. Akajaribu kila swichi: washa, zima, washa, zima.

"Ziko sawa zote, Kapteni," akasema, akatoa kalamu atie sahihi.

Nikaacha kufuta dirisha. Nikisema halafu nikose, nitachekwa mpaka Krismasi. Nikinyamaza, Kapteni atapaa na swichi ile.

"Fundi," nikasema, "ya nne inachoma."

"Ati Waithera ana sauti!" Muturi akacheka. "Nimeigusa sasa hivi. Ni baridi kama asubuhi ya Kuresoi."

"Umeiwasha kidogo tu. Iache iwake mpaka umalize kikombe cha chai."

Kapteni Jepkemei alitazama saa yake, kisha akanitazama mimi. "Fundi, kunywa chai."

Muturi aliunganisha ndege na umeme wa banda ili betri isiishe, akawasha ile swichi ya nne, ya taa inayomulika ndege ikitua, akakalia ndoo na kikombe chake. Chai ikafika nusu. Hakuna kitu.

"Inaisha hii, daktari," akanitania. Nikakunja kitambaa, nikakikunjua, nikakikunja tena.

Kisha harufu ya plastiki ikatujia. Muturi aliruka, akaweka kidole kwenye swichi, akakiondoa mbio. "Woi!"

Alizima kila kitu, akatenganisha betri, akaichomoa swichi. Nyuma ilikuwa imeyeyuka, nyeusi kama hindi lililosahaulika kwenye makaa.

"Hii ingekutolea moshi usoni ukiwa juu, Kapteni," akasema polepole. Hakucheka tena.

Alileta swichi mpya, ya aina ileile. Alipofika kwenye skrubu ya mwisho akanipa bisibisi. "Kaza wewe. Wewe ndiye umeipata."

Nikaikaza mpaka ikakaa. Tukawasha taa, Muturi akanywa kikombe cha pili, chote. Nikaweka kidole.

"Baridi!" nikapiga kelele, mimi, mpaka askari wa geti akageuka.

Ndege ilipaa taa ikiwaka, ingawa jua lilikuwa kali. Nilikimbia kando ya ua nikipunga kitambaa, nikiitazama ile taa mpaka ikawa nukta, na bado inawaka.

"Waithera!" Muturi akaita kutoka bandani. "Rudi! Kuna ndege nyingine hapa. Kuja na hicho kidole chako."