Ondoa Mpaka

Mtaa mzima ulimwita Mpaka, kwa kuwa alikuwa mpaka rangi, na watu wamezoea kulikata jina pale ulimi unapochoka. Jina lenyewe halikuwa na ubaya wowote hadi Breki na Shangazi walipogombana.

Hao wawili walianza pamoja, wakiuza unga, na si unga wa kupikia. Breki alikuwa fundi wa magari asiye na gari la kutengeneza. Shangazi alikuwa na saluni isiyo na wateja. Mara gereji ikapanda ghorofa, saluni nayo ikapata walinzi mlangoni. Biashara iliponoga, kila mmoja akaona mwenzake anakula kupita kiasi. Wakapigana risasi weee, hadi wakachoka kuzika, ndipo wakakubaliana: huku kwako, huku kwangu. Na nani akaitwa kuchora mstari mwekundu ukutani, katikati ya mtaa? Si Mpaka huyo huyo! Mpaka akachora mpaka. Watu walicheka sana, maana cha kuchekea kilikuwa kimeadimika.

Asubuhi hiyo shemeji yake aliingia bila hodi. Huyu alikuwa mdogo wa mkewe, na alifanya kazi kwa Breki; kazi gani, dada yake hakutaka kuambiwa. Aliweka simu mezani, katikati ya vikombe vya chai.

"Sikilizeni ujumbe huu," alisema. "Nimeurudia tangu alfajiri, nitapata wazimu."

Sauti ya Breki ikatoka: "Kabla ya saa nne, ondoa mpaka. Nikipita hapo nisi..." Honi ya lori ikalia, ikameza katikati ya neno. "...one tena."

Chai ilimpalia Mpaka. "Nisiuone au nisimwone?"

"Ndicho kilichonileta, shemeji."

Mkewe akaurudisha ujumbe. Lori lile lile, honi ile ile, alaaniwe dereva wake! "Ni mstari," alisema. "Tamaa imemjaa, anautaka mtaa wote. Angekuwa mtu angesema mwondoe."

"Nani, Breki? Huyo anabana maneno utadhani anayanunua."

"Basi mpigie umuulize!"

Mdogo wake akaivuta simu kwake. Wa mwisho kumuuliza Breki "una maana gani, bosi?" sasa anatembea kwa magongo. Kisha akasema, macho yake kwenye vikombe, "Juzi shemeji ameonekana akitoka kwa Shangazi."

"Nilikuwa napaka dari!" Mpaka alifoka. "Dari, jamani! Mtu asile?"

 Kiunoni mwa shemeji, chini ya shati, kitu kilikuwa kimetuna, na wote watatu walijitahidi kutokitazama. Mke ndiye aliyeshindwa.

"Wewe nimekubeba mgongoni," alimwambia mdogo wake taratibu. "Mimi huyu."

"Najua, dada. Lakini kama ni yeye na sikufanya, watakuja wengine, watatumaliza sote."

Mpaka akainuka. Akaokota ndoo ya rangi nyeupe na brashi pana. "Mimi naenda kuufuta mstari," alisema. "Kama ni huo, tumepona."

Mkewe na shemeji walimfuata hadi ukutani. Mpaka alipaka haraka haraka, vibaya, rangi ikimchuruzika hadi kiwikoni, kazi ambayo siku nyingine angeionea haya. Ng'ambo ya barabara vijana wa Shangazi waliacha karata zao. Mmoja akaingia saluni mbio. Lakini mstari ulikuwa umekwisha, ukuta mweupe pe! Mpaka akashusha pumzi, akamgeukia mkewe, akacheka. Mkewe naye akacheka, kwa furaha hasa, mkono kifuani.

Simu ikalia. Shemeji akaiweka wazi ili wote wasikie.

"Vipi," alisema Breki. Safari hii hapakuwa na lori. "Mpaka bado yupo?"

Yupo. Si upo.

Shemeji alimtazama dada yake. "Hayupo, bosi," alisema. "Nimemtupa mtoni. Nimemkuta anafuta mstari."

"Nakuja."

Simu ikakatwa. "Shemeji, kimbia," kijana alimnong'oneza Mpaka. "Usipite nyumbani, usichukue hata shati. Na wewe dada, lia. Lia hadi gereji wasikie."

Mpaka alimshika mkewe mkono, akamwachia alama nyeupe za vidole, akatokomea uchochoroni.

Mke alifungua kinywa akidhani ataigiza. Kumbe kilio kilikuwa tayari, kilitoka chenyewe, kikamwangusha chini. Majirani walikuja mbio wakamshika. Hakuna aliyesema ameona kitu. Mtaani pale hakuna anayeonaga kitu.

Mpaka alikuwa amefika kwenye reli aliposikia analiliwa. Hakuitwa Mpaka. Mkewe alikuwa akimwita kwa jina lake, lile alilopewa na mama yake, ambalo mtaa mzima ulikuwa umelisahau. Alisimama, nusura aitike. Kisha akakimbia tena, naye analia.