Taa Isiyopiga Chafya

Kazini walimbatiza Bwana Kelele, naye ametulia tuli kama maji mtungini. Kutwa alikuwa peke yake na kompyuta, akikokotoa kelele za vifaa vya umeme. Kila kifaa hula umeme kisha hucheua, na mcheuo huo husafiri ndani ya nyaya ukavisumbue vifaa vingine.

Taa ya mezani aliibuni mwenyewe. Hesabu zake na vipimo vya maabara vililingana kama mtu na kivuli chake. Taa ya kwanza kutoka kiwandani akampelekea baba yake, mgane aliyebaki na redio tu.

Baba akapiga simu. "Mwanangu, redio inakaanga, sisikii neno. Si hii taa yako?"

"Taa yangu? Baba, ile haipigi hata chafya! Redio ndiyo kuukuu. Nitakununulia nyingine."

"Nani kaomba nyingine? Hii kaichagua marehemu mama yako."

"Basi nitakuja niitazame, nikipata nafasi."

"Haya, mtaalamu."

Nafasi ilichelewa. Hata alipokwenda, jua limezama, alikuta nyumba giza totoro. Akaharakisha kuingia. Kisha akasikia mtangazaji akisoma habari, sauti safi kabisa, na baba kitini, sikio limeinama.

"Umeme umekatika, baba?"

"Upo. Nikitaka kuona, nawasha taa. Nikitaka watu, naizima."

Mwana akaiwasha. Redio ikakaanga, mtangazaji akazama. Akazima swichi kuu, akachomoa taa, akamulika kwa simu, akaifungua soketi. Matundu matatu, nyaya mbili! Tundu la tatu lilikuwa pambo tu. Waya wa kupeleka kelele ardhini haukuwepo, wala haukupata kuwepo. Katika mchoro wake aliuweka bila kufikiri, kwa kuwa maabara inao. Nyumba iliyomlea hakuikumbuka.

"Umeona nini?" baba akauliza gizani.

"Si redio, baba. Ni mimi. Nilipiga hesabu ya nyumba nyingine."

"Mm. Sasa nirudishie watu wangu."

Akafunga soketi, akaiacha taa kando, akawasha swichi kuu. Mtangazaji akarudi. Mwana akapapasa kiti cha mama yake, akakaa. Alikuwa na mengi ya kusema: atatengeneza nyingine, atavuta waya mpaka ardhini, atakuja mara kwa mara.

"Baba, nilikuwa nasema…"

"Ngoja kwanza, mwanangu," baba akamwambia kwa upole, akiongeza sauti ya redio. "Wanazungumza."