Neno Moja la Barabarani

Wivu wa wenzangu huanzia kwenye simu ya mume, au kwenye marashi yasiyo ya nyumbani. Wangu ulianzia ukingoni mwa barabara, saa moja na nusu asubuhi, mbele za watu.

Mume wangu haoni. Kwa miaka tisa nimemvusha ile barabara kubwa kwenda karakana anakosuka viti, na jioni nikamrudisha. Nilimshika kifundo cha mkono, tukavuka. Tulikuwa na neno letu moja: "Simama." Nikilisema, haulizi wala hageuki, anaganda hapohapo. Tuliapiana kwamba halitatamkwa kwa mzaha wala kwa hasira, ila nikiwa nimeona hatari. Madereva wetu wakiona ile mistari myeupe ya waenda kwa miguu ndiyo kwanza wanakanyaga mafuta. Neno hilo lilishamwokoa mara mbili.

Kisha karakana ikaleta mwalimu wa kuwafundisha mafundi wasioona kutembea peke yao kwa fimbo nyeupe. Mwanamke. Nikambatiza jina, Bi Fimbo.

"Leo nimevuka mwenyewe hadi katikati," mume wangu akaniambia tukila, uso unamng'aa. "Mwalimu anasema masikio yangu ni ya ajabu."

"Masikio. Na nini kingine?"

"Anasema nisikilize injini. Zikitulia zote, navuka."

"Na mkono anakushika wapi?"

Akacheka. "Hanishiki, mama watoto. Mimi ndiye ninayemshika. Hapa, juu ya kiwiko."

Eti alidhani jibu hilo lingenipoza! Kesho yake, kwenye cherehani yangu, nilishona mashati manne ya shule ya wateja, yote kola zikapinda. Nilimwonea wivu yule mwanamke kwa kiwiko chake na kwa kila sentensi iliyoanza na "Mwalimu anasema". Na kubwa zaidi, wacha niseme ukweli, nilimwonea wivu kwa kuwa alikuwa anamfundisha asinihitaji. Miaka tisa nimenung'unika kwamba nachelewa kazi zangu kwa ajili yake. Leo napumzishwa, naona naporwa.

Alhamisi akaniambia nisimsindikize, ndiyo siku ya kuvuka mwenyewe mwanzo hadi mwisho. "Wewe baki na cherehani yako," akasema. Nikajifanya hamnazo. Alipokata kona tu, nikavaa kandambili nikamfuata.

Alisimama ukingoni, kifua mbele. Ng'ambo, chini ya taa za kuongozea magari, alikuwa Bi Fimbo akimsubiri. Nilitarajia mrembo wa kunitoa roho. Kumbe mtu mzima, viatu vya raba, miwani imefungwa kwa uzi. Hilo halikunisaidia kitu.

Taa ikageuka nyekundu, magari yakatulia. Mume wangu akainamisha kichwa, akasikiliza, akashuka barabarani, fimbo ikigonga lami kushoto na kulia. Alikuwa anavuka vizuri. Hata kunizidi mimi na mkono wangu. Nikamwona anatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa linakwenda ng'ambo, kwa yule mwanamke.

"Simama!"

Lilinitoka kabla sijajua. Naye akasimama, katikati ya njia, fimbo mbele.

"Endelea!" Bi Fimbo akapiga kelele. "Endelea, njia ni safi!"

Hakumsikiliza. Masikio yake ya ajabu yalinisikiliza mimi, nami sikulitengua neno langu. Taa ikageuka kijani. Honi zikalia. Pikipiki ikachomoka kati ya malori mawili, ikaikumba fimbo na kuivunja vipande viwili. Yeye ikamkosa kwa upana wa kiganja.

Nikamkimbilia, nikamvuta hadi kwenye kisiwa cha katikati, kile cha zege kinachogawa barabara. Bi Fimbo alitaka kuja, magari ya upande wake yakamzuia.

"Ahsante," mume wangu akasema akihema. "Mimi nilisikia zote zimetulia. Sikusikia hatari yoyote. Uliona nini?"

Jibu nilikuwa nalo ulimini. Ningesema "gari", asingeyaamini tena masikio yake, na angekuwa wangu wa kushikwa mkono hadi kaburini. Nani angejua?

"Uliona nini, mke wangu?"

"Sikuona gari," nikasema. "Nilikuona unamchekea."

Magari yalitupita mbele na nyuma. Niliomba anitukane, hakunitukana.

"Tangulia," akasema mwishowe. "Vuka."

"Na wewe?"

"Nitakuja."

"Fimbo yako imevunjika."

"Kipande kinatosha. Vuka."

Taa iliporuhusu nikavuka, nikasimama kando ya Bi Fimbo. Sikumtazama. Tukasubiri. Magari yakapita, kisha yakatulia tena. Mume wangu akainamisha kichwa, akasikiliza muda mrefu kuliko mwanzo, akateremsha mguu mmoja kwenye lami. Nami nikajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.