Macho Chini

Miludi alikuja na karatasi yake siku ya Jumatatu, saa ya chai, akijua fika kwamba saa hiyo hakuna mwenye nyumba anayeweza kumtimua mtu. Akakaa kwenye zulia chini ya vioo na vyombo vya shaba, akasifu povu la chai, akamuuliza mwenyeji wake magoti yanaendeleaje. Zaziya akamwacha azunguke. Alimjua shemeji yake huyu tangu akiwa na miaka tisa, yeye Zaziya akiwa bibi harusi wa miaka kumi na saba ndani ya nyumba hii hii, katika mji wa kale wa Ghadames. Miludi akianza kuuliza habari za magoti, basi kuna kitu anakitaka.

"Kunywa chai yako, halafu useme," alimwambia.

Miludi akaifungua karatasi. Kamati ya Sherehe, ambayo mwenyekiti wake alikuwa yeye mwenyewe, ilikuwa imeamua kwamba wageni waanze kutembezwa juu ya mapaa. Watapandia nyumba hii, maana paa lake ndilo refu kuliko yote mtaani, na ukisimama pale unaiona mitende yote mpaka inapokutana na mchanga. Uzinduzi ni Alhamisi. Jumamosi mafundi wataingia kubomoa vikuta vinavyotenga paa na paa, wageni wapate njia moja iliyonyooka. Familia imeshakubali, saini hii hapa.

"Nani katia saini?"

"Mimi. Tangu kaka afariki, mimi ndiye mkubwa wa familia."

"Saini ya chini au ya juu?"

"Shemeji, nyumba ni moja."

"Imekuwa moja lini? Mbona sikualikwa?"

Miludi akacheka kidogo, kisha akaona anacheka peke yake.

Katika mji ule hakuna mtoto aliyehitaji kufundishwa jambo hili. Chini kulikuwa kwa wanaume: vichochoro vilivyoezekwa, vyenye giza la kupapasa mchana kweupe, viti vya udongo vya kukalia na kuzungumza, msikiti, chemchemi. Juu, kwenye jua, kulikuwa kwa wanawake. Jiko lilikuwa juu. Wanawake walitoka nyumba moja kwenda nyingine kwa kuruka vikuta, wakauziana nyuzi na siagi, wakaposeana watoto, wakazozana, wakapatana. Mwanaume aliweza kuishi miaka sabini asijue jiko lake mwenyewe lina rangi gani. Akiwa na haja ya lazima, labda boriti ya mtende imeoza, alipanda mpaka ngazi ya tatu kutoka juu, akasimama hapo. Akagonga ukuta mara tatu, akaita, "Macho chini," yaani yangu mimi yako chini. Akaulizwa yeye nani na anaomba paa la nani. Alilazimika kulitaja jina la mwanamke mwenye paa. Asipojibiwa, alirudi alikotoka, hata angekuwa kadhi.

Watoto wa kiume walikaa juu na mama zao mpaka wakaribie miaka kumi. Halafu siku moja waliambiwa washuke. Aliyemwambia Miludi ashuke alikuwa Zaziya, kwa sababu mama mkwe alikuwa mgonjwa na hakuwa na moyo wa kumwambia kitinda mimba wake. Mtoto alilia pale ngazi ya tatu, akakataa kuondoka, mpaka Zaziya alipomteremshia mkate wa moto kwa mkono. Hakupanda tena. Miaka hamsini imepita, na Zaziya aliamini kwamba karatasi ile, mihuri yake na maneno yake makubwa, ilianzia kwenye ngazi ile ile.

"Mila hiyo ilikufa, shemeji," Miludi alisema sasa kwa upole. "Ilikufa siku tuliyohamia nyumba za zege. Wanawake wenu wako huko wanaangalia televisheni chini ya viyoyozi. Nani anapanda paa la udongo siku hizi, isipokuwa wewe na paka?"

Hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa na ukweli. Zaziya mwenyewe alikuwa na chumba kwa mwanawe ng'ambo ya barabara ya lami. Lakini kila asubuhi alirudi hapa kufagia, na wakati wa joto alilala hapa. Alikasirika, tena hasira ile iliyotulia, isiyomwaga chai.

"Kama imekufa, umekuja kuniomba nini?"

"Ufunguo. Wa mlango wa ngazi."

Miludi alikuwa amejiandaa kubishana mpaka magharibi, ilionekana usoni. Zaziya akaivua kamba shingoni, akamtupia ufunguo mapajani.

"Chukua. Mlango ule haukuwahi kuwekwa kwa ajili yako. Ni wa vumbi."

Miludi aliondoka na ufunguo wake, akitembea kama mtu aliyenunua ngamia bila hata kubishana bei. Zaziya aliosha vikombe, akajitanda, akavuka barabara ya lami.

Alianzia nyumbani kwa Miludi mwenyewe. Khadra, mkewe, alikuwa jikoni anachambua dengu, na feni ikimpuliza.

"Alhamisi njoo juu," Zaziya alimwambia.

"Juu wapi?"

"Juu ni juu. Umeshasahau?"

Khadra aliposikia habari nzima, aliacha dengu. Miludi hakuwa amemwambia chochote. Alimwambia tu apige pasi kanzu nyeupe. "Ataniacha, Zaziya. Mbele ya wageni? Ataniandikia talaka."

"Huyu? Miaka thelathini na minane hajui soksi zake zinakaa wapi. Akuache aende wapi, miguu mitupu?"

Khadra alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akafuta macho kwa upande wa mtandio. Halafu akauliza swali la maana: "Ufunguo si umempa?"

"Mama yako alipokuwa akija kwangu kukopa chumvi, alipita mlangoni?"

Khadra akahesabu kwa vidole. Nyumba ya mama yake ilikuwa mapaa matano kutoka kwa Zaziya, na vikuta vyote vitano vilikuwa bado vimesimama.

Kufika Jumatano, habari ilikuwa imezunguka nyumba zote za zege kwa njia ambayo wanaume hawaijui, yaani kwa simu na kwa mabakuli ya mchuzi. Wapo waliokataa. Mmoja alisema anaogopa nge, mwingine akasema wageni wanaleta riziki na Zaziya ana roho mbaya. Zaziya alimjibu huyo wa pili kwamba wageni hajawakataa. Anachokataa ni kuuzwa na mtu asiye mwenye mali. Mannubiya, ambaye alikuwa amepita miaka themanini na haoni vizuri, alituma ujumbe kwamba wasipokuja kumchukua atatambaa mwenyewe.

Alhamisi asubuhi waliingia kupitia nyumba ya mama yake Khadra, kumi na tisa kwa jumla, wakapanda, wakaanza kuvuka. Walikuwa wazito sasa. Vikuta walivyoviruka usichanani walivipanda kwa makalio, wakisukumana na kusutana. Mannubiya alipitishwa kutoka mikono hadi mikono, akiwakosoa njia nzima. "Hapa kwa Salma palikuwa na kinu. Nani kakihamisha kinu?" Jua lilikuwa limewafika usoni, na Zaziya aliona baadhi yao wanalia kimya kimya huku wanatembea.

Wakawasha moto kwenye jiko lake la zamani, wakaoka mikate myembamba, wakaketi. Hawakupanga mstari wala kushikana mikono. Walikaa tu popote, kama walivyokaa zamani.

Saa nne wakaisikia sauti ya Miludi chini, ndani ya nyumba. Alikuwa na kipaza sauti kilichofungwa kwenye kola, na spika ndogo kiunoni, ili wageni wa nyuma wasikie. Sauti ilipanda ngazi kabla yake.

"Mabibi na mabwana," alisema, na msichana mmoja akawa anawafasiria, "sasa tunapanda sehemu ambayo zamani wanawake wetu walifungiwa. Leo, kwa mara ya kwanza katika historia, tunaifungua."

"Nani alifungiwa?" Khadra aliinuka. "Nani huyo alifungiwa? Yeye aliyekuwa anashinda gizani na kuku?"

Zaziya akamvuta upande wa nguo. "Kaa. Mwache apande."

Ufunguo ukazunguka. Mlango ukalia. Viatu vilisikika kwenye ngazi za udongo, vyembamba, ngazi za kupita mtu mmoja mmoja: viatu vya ngozi vya Miludi vilivyotariziwa, halafu vya mkubwa fulani kutoka mji mkuu, halafu vya wageni, wanaume na wanawake, halafu vya mpiga picha. Kilemba cha Miludi kilikaribia kuonekana. Ngazi ya tano kutoka juu. Ya nne. Ya tatu.

Hapo viatu vikasimama.

Pengine ilikuwa harufu ya mkate. Pengine alisikia vikuku. Au haikuwa kitu chochote, ila mguu ulioijua ngazi ile kuliko mwenye mguu. Zaziya alikuwa amejiapiza kwamba akivuka pale atamzuia kwa kifua chake, na alikuwa na hofu, kwa sababu Miludi ana nguvu na mkubwa wa mji mkuu yuko nyuma yake. Hakuhitaji kuinuka. Alisikia mifupa ya vidole ikigonga ukuta. Moja. Mbili. Tatu.

"Macho chini," alisema Miludi.

Alisema taratibu, kama alivyofundishwa na baba yake. Kipaza sauti hakikujali. Kikalichukua neno lile, spika ikalitupa juu ya mapaa yote ya Ghadames mpaka kwenye mitende, na njiwa wakaruka.

Wanawake kumi na tisa walitazamana. Khadra aliweka kiganja mdomoni. Kule ngazini mtu aliuliza kuna nini, mbona hatuendi, lakini mwanaume akishaita anangoja, na Miludi alikuwa ameshaita. Zaziya akampa muda wa kulijua alilolifanya. Akageuza mkate mmoja jikoni. Akageuza wa pili.

"Ni nani?" akauliza hatimaye.

"Miludi."

"Unaomba paa la nani?"

Zaziya angeweza kukisia kinachompitia kichwani: karatasi, saini, muhuri, jina lake mwenyewe kwa wino wa bluu. Chini yake watu ishirini na kamera. Mbele yake ngazi mbili tu.

"Tusikie," Mannubiya akasema. "Mimi siku hizi sisikii vizuri."

"La Zaziya," ilisema spika. "Naomba paa la Zaziya."

Zaziya aliinuka, magoti yakalia, akaenda mpaka kwenye tundu la ngazi. Miludi alikuwa amesimama na kidevu kifuani, anatazama viatu vyake vilivyotariziwa. Nyuma yake nyuso zilikuwa zimepangana gizani zote zikitazama juu.

"Wageni wa kike wapande," Zaziya akasema. "Wameshakuja, mkate upo. Wanaume wasubiri."

Msichana mfasiri alikuwa wa Ghadames. Alifasiri bila kuongeza wala kupunguza, uso ukiwa umemuwaka kwa furaha, kisha akapanda wa kwanza. Wanawake saba walipita mmoja mmoja ubavuni mwa Miludi, naye akajibana ukutani kuwapisha. Walitokeza kwenye jua wakifumba macho, na Khadra akawapokea akawakalisha kana kwamba alikuwa anawatarajia wiki nzima. Mama mmoja wa Kiitaliano aliuliza yule bwana chini anafanya nini. Msichana akamjibu kwamba anaomba ruhusa.

Miludi alikizima kipaza sauti. "Shemeji," akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Umenivua nguo."

"Umejivua. Mimi nilikuwa napika."

"Na mimi je? Hunijibu?"

"Jumamosi mafundi wasije."

"Hawaji."

"Na karatasi?"

"Nitaichana."

"Usiichane. Kaiandike upya, na mahali pa mwenye paa uniite nije kutia saini. Halafu siku hiyo njoo usimame hapo ulipo, uite tena."

"Utanijibu nini?"

"Ukiita, utasikia. Leo hapana."

Kule nyuma walianza kugeuka. Ngazi haikuwa na nafasi, kwa hiyo wa mwisho akawa wa kwanza: mpiga picha, wageni wa kiume, mkubwa wa mji mkuu akishika ukuta kwa mikono miwili na kulalamika giza. Miludi hakugeuka mara moja. Zaziya aliitazama kofia iliyokaa upande kidogo ndani ya kilemba, na mvi zilizojitokeza chini yake, na akamwonea huruma kabisa. Huruma haikumbadilisha nia.

Alirudi jikoni, akachagua mkate uliotoka motoni sasa hivi, akarudi kwenye tundu la ngazi, akainama mpaka magoti yakagusa udongo, akamteremshia kwa mkono.

Miludi akaupokea bila kuinua kichwa.