Matanga Bila Watani

Mama Godwin alikosea jambo ambalo hata mtoto wa kijijini kwao Kitangari halikosei: siku ya kuanua matanga ya mumewe, aliwakataza watani, ambao desturi huwataka wawachekeshe wafiwa, wasitanie.

Msimlaumu upesi. Mgeni aliyetarajiwa alikuwa Yoakimu, Mjerumani aliyenunua korosho huku kusini kwa miaka mingi, akala ugali wa muhogo na marehemu Bonifasi mpaka wakaitana ndugu. Korosho zote walizobangua akina mama katika banda la Bonifasi alizichukua yeye. Lakini mwaka jana aligombea huko kwao Ujerumani, akashinda, na sasa ni mbunge katika bunge la jimbo lake. Biashara kamwachia binti yake. Mama Godwin alitaka kujua kitu kimoja tu: huyo binti ataendelea kununua, au banda lifungwe na akina mama watawanyike? Kuuliza aliogopa. Vyeo anavijua, diwani wao mwenyewe, tangu achaguliwe, ukimwamkia huitikia kwa kidevu.

"Zena, leo naomba unyamaze," alimwambia shoga yake, Myao wa Masasi, mtani wa marehemu, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kuona kufuli. "Huyu sasa ni mheshimiwa."

Zena alikubali bila kubisha, na hilo peke yake lilitosha kumtia mtu wasiwasi.

Yoakimu alifika na suti yake, akatoa pole, akaketi. Padri alisali, watu wakala pilau kimya kama wamekaa wodini. Mgeni hakumaliza sahani. Alitazama huku na huku, uso kaukunja. Amechukia, Mama Godwin aliwaza. Kwisha habari yetu.

Ndipo Zena alipotokea nyuma ya nyumba, amevaa koti la marehemu na kofia yake.

"Bonifasi, mvivu we," alisema akitembea kwa maringo ya marehemu mwenyewe. "Msimu umekaribia, nawe umekimbilia kaburini. Korosho abangue nani?" Kisha akamzungushia Yoakimu kanga kiunoni, akamfunga kwenye nguzo ya kibaraza. "Na ndugu yake huyu tumemkamata. Hatoki hapa mpaka aseme mbele za watu: binti yake atanunua korosho zetu, au hanunui?"

Mama Godwin alifumba macho.

Alipoyafumbua, mheshimiwa alikuwa anacheka mpaka miwani imeanguka. "Mama Godwin, tangu nifike najiuliza, Bonifasi aliwakosea nini Wayao hata wamsuse siku yake? Nimeumia kweli." Akamgeukia Zena. "Atanunua. Msimu ukianza atakuja mwenyewe kuwaamkia. Haya, nifungue."

"Bado. Kwanza ubangue."

Wakamletea korosho. Alizivunjavunja zote, akina mama wakamzomea, naye akawajibu kwa matusi ya utani aliyofundishwa na Bonifasi.

Mama Godwin alicheka pamoja nao. Katikati ya kicheko machozi yakaanza kumtoka. Tangu azike hakuwa amemlilia mumewe sawasawa. Kila alipotaka kulia, hofu ya banda ilimtangulia. Sasa haikuwepo. Alijifunika kanga, akamlilia Bonifasi kwa sauti, na Zena, akiwa bado amevaa koti lile, akakaa chini kando yake, akamwacha alie.