Nne Kasorobo

Mizinga ya meli tunayotengeneza mimi na wifi yangu haizidi urefu wa kidole cha mtoto. Ni ya shaba ya manjano, na inawekwa kwenye meli za mbao za mapambo, zile za kivita za zamani zenye milingoti na kamba tele, ambazo watu huziweka kabatini nyuma ya kioo. Ukimwambia mtu kwamba unatengeneza mizinga, anakutazama mara mbili. Mwaka wa kwanza jirani yetu alikuja na chupa tupu. "Mama, nasikia mna mizinga. Asali mnarina lini?" Wifi akamwonyesha mmoja kiganjani, akamwambia nyuki wa kuingia humo bado hawajazaliwa.

Kazi hii ilikuwa ya marehemu mume wangu, mdogo wake wifi. Alituachia mashine ya kukereza, ndogo kama cherehani, iko mezani chumba cha mbele karibu na dirisha. Tuligawana kazi kila mtu kwa alichojaliwa. Wifi ana mkono mtulivu, unaweza kumwekea kikombe kimejaa juu ya kiwiko naye akaendelea kukereza. Mimi ni msomaji wa michoro. Natazama mchoro kwa lenzi, nataja kipimo kwa sauti, yeye anakiandika kwa chaki kwenye ubao ulioning'inia juu ya mashine, kisha anaikata shaba. Mzinga ukitoka kwake unarudi kwangu. Natoboa tundu la kuwashia baruti kwa sindano niliyoinoa, nachomeka masikio, yaani vile vijiti viwili vya ubavuni vinavyokalia kigari cha mbao, halafu naupasha moto na kuupaka mafuta mpaka unageuka mweusi.

Marehemu alisoma vipimo kama mtu anayesoma saa, nasi tulimwiga. Milimita tatu na robo tatu kwetu ni nne kasorobo. Nne na robo ni nne na robo. Tofauti yake ni nusu milimita. Kwa mtu wa nje nusu milimita si kitu, ni kama unene wa ukucha. Kwetu ni kazi ya wiki tatu.

Ni lazima niseme pia kuhusu sikio la wifi. La kushoto halisikii kitu tangu alipougua surua utotoni. La kulia ni zima. Hilo la kushoto tulilifanyia utani miaka yote, na yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa utani huo. Akiombwa kitu asichotaka kutoa, anageuza uso na kusema, "Ongea na hili, lile lingine liko likizo."

Sasa basi. Mteja wetu mkubwa ni mzee mmoja tunayemwita Nahodha, ingawa hata kivuko cha dakika kumi humtapisha. Yeye hujenga meli zenyewe. Alituletea mchoro wa meli yenye safu mbili za mizinga: ya juu ishirini na sita, mifupi na myembamba, ya chini ishirini na minane, mirefu na minene. Tulianza na ya juu. Unene wake nne kasorobo. Tukaimaliza salama.

Siku tuliyoanza ya chini nilikuwa na haraka. Nilikuwa nimeinjika maharage, nayasikia yanataka kukauka. Nikaweka lenzi juu ya karatasi, nikataja urefu, nikataja mdomo, nikafika kwenye unene.

"Nne kasorobo."

Wifi akaandika nne, halafu akasimama na chaki mkononi. "Ya chini nayo kasorobo? Sawa na ya juu?"

"Kasorobo."

"Wifi, mzinga mrefu hivi tumbo hilo si litakuwa la mgonjwa? Hebu tazama tena."

Sikutazama. Hapo ndipo ilipo habari yote. Nilikuwa nimeshainuka, kitambaa cha kushikia sufuria kiko mkononi. Nikamjibu nikiwa mlangoni, "Kasorobo, kasorobo! Au nikuchoree ukutani?" Akacheka, akaandika.

Alikereza mizinga yote ishirini na minane. Ilitoka mizuri, pete zake zimekaa sawasawa kama pingili za muwa. Mimi nikaitoboa, nikaipa masikio, nikaipaka weusi. Mara mbili tatu niliona imekonda. Nikajiambia ndivyo mchoro ulivyo, na mchoro uko pale pale kwenye droo, hatua mbili kutoka kiti changu.

Nahodha alikuja asubuhi moja na vigari vyake ndani ya kisanduku cha viatu, kila kimoja kimefungwa kwa karatasi laini. Akachukua mzinga, akaukalisha juu ya kigari. Ukalala upande. Akajaribu wa pili, ukapwaya hivyo hivyo, kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Akatoa kipimo chake mfukoni, akaubana.

"Hii ni nne kasorobo," akasema polepole. "Mimi nilichora nne na robo."

Sisi watatu tukatazama ubao. Chaki ya wifi ilikuwa bado iko pale, mwandiko wake wa herufi kubwa zilizolala.

Sitasema kwamba sikujua. Nilijua pale pale, kabla hajamaliza sentensi. Kidole changu kilikuwa kwenye mstari wa safu ya juu siku ile, hakikuteremka. Nilisikia harufu ya yale maharage. Na mdomo wangu ukafunguka wenyewe, tena kwa kicheko.

"Wifi jamani! Si nilikwambia na robo? Sikio hilo litatuua!"

Nahodha akacheka, mtu mwema, akafurahi kwamba jambo limepata sababu na hakuna wa kugombana naye. "Basi siku nyingine mpigie tarumbeta," akasema.

Wifi hakucheka. Alitazama ubao muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Nikadhani atasema, nilikuuliza mara mbili. Nilikuwa nimeshajiandaa kubisha. Lakini hakusema hivyo. Alisema, "Basi ni mimi. Nisameheni. Nilisikia kasorobo kabisa, tena nilisikia ukirudia." Akazikusanya chaki zikiwa nzima na vipande, akazirudisha kwenye kopo moja moja.

Shaba iliyokwisha kukatwa hairudi. Mizinga ile ishirini na minane niliitia kwenye bati la biskuti, nikaisukuma chini ya meza. Nahodha akatupa muda mwingine, akaondoka anapiga mluzi.

Nilidhani yatapita. Nilijiambia wifi ni mtu wa mzaha, atalifanya nalo utani kama mengine, na kwamba nitamweleza siku tukiwa tumetulia. Lakini kuanzia kesho yake alianza kuuliza kila kitu mara tatu. Nikitaja kipimo anazima mashine, anakuja kusimama mbele yangu, anatazama midomo. Anaweka kiganja nyuma ya sikio lake zima. Simu ikilia anaiacha. Alikuwa na tabia ya kusikiliza mpira redioni na kumtangazia fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, huku amejitokeza dirishani nusu mwili. Sasa nikamsikia akimuuliza yeye, "Eti ni mbili moja, au nimesikia vibaya?" Fundi viatu akamjibu kwa kupiga kelele, vile watu wanavyowapigia kelele viziwi, na mtaa mzima ukageuka.

Hapo ningeweza kusema. Nilikuwa nimeketi pale na sindano mkononi. Nikainama, nikatoboa tundu.

Wiki ya pili wifi alikuja asubuhi amevaa nguo za kutokea. Aproni yake ilikuwa imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa mara nne. Akaiweka juu ya mashine.

"Wifi, nimeona niache," akasema. "Kazi ya mdogo wangu ni ya heshima, nisije nikaiharibia jina. Tafuta mtu mwenye masikio yake."

"Acha mambo yako," nikamwambia.

"Mimi na wewe hatudanganyani. Nikikosea tena utanificha kwa huruma, nami sitaki kufichwa."

Na mimi, mama mtu mzima, bibi wa wajukuu sita, nikaipokea ile aproni. Nikaitundika msumarini. Nikamwambia, "Pumzika kidogo, tutaona." Alipotoka nilisikia miguu yake ikisimama kwenye kingo ya barabara, akingoja muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana alikuwa hayaamini magari anayoyasikia.

Nilijaribu kukereza mwenyewe. Mkono wangu haujui kazi hiyo. Nilivunja visu viwili vya mashine, na mzinga mmoja uliotoka ulifanana na mguu wa kiti.

Siku ya nne akaja binti yangu, ambaye alikuwa amempeleka shangazi yake hospitali. Akakaa kwenye kiti cha mashine, akavua viatu.

"Mama, makubwa. Daktari kampima masikio. La kushoto ndilo lile lile. La kulia kasema ni la kijana, linasikia hata mbu akijikuna. Kampima mara mbili."

"Sasa yeye kasemaje?"

"Hakubali! Kamwambia daktari mashine yako mbovu, mimi wifi yangu kaniambia na robo nikasikia kasorobo, na wifi yangu hawezi kusema uongo." Binti yangu akacheka mpaka akashika mbavu. "Daktari wa watu kabaki anamtazama. Halafu shangazi anasema kama sikio ni zima basi ni akili ndiyo inayoondoka. Anataka ahamie kwangu, eti asije akaunguza nyumba."

Nilisimama. Binti yangu akaniuliza ninakwenda wapi na kandambili zangu haziko sare, kushoto nyekundu na kulia bluu. Sikumjibu. Nilitoa mchoro kwenye droo nikaenda nao.

Wifi anakaa mtaa wa nyuma, chumba na ukumbi. Nilimkuta anapanga nguo kwenye begi, akizihesabu kwa sauti. Aliponiona akaanza kunivutia kiti, nikamwambia sikai. Nikautandika mchoro juu ya nguo. Nikaweka kidole kwenye mstari.

"Hapa imeandikwa nne na robo. Mimi nilikusomea mstari wa juu yake. Nilisema kasorobo. Ukaniuliza, nikasema kasorobo. Ukaniambia nitazame tena, sikutazama. Wewe ulisikia nilichosema."

Akachukua gauni, akalikunja, akalikunjua.

"Sema tena," akasema.

"Wifi, umesikia."

"Nimesikia. Sema tena."

Nikasema tena, yote, tangu mwanzo. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa nilisikia mwenyewe jinsi yalivyo. Akaniuliza, "Siku Nahodha alipokuja, ulijua?"

"Nilijua."

"Na siku nilipoleta aproni?"

"Nilijua, wifi."

"Ukaitundika."

"Nikaitundika."

Nilingoja anitukane. Tusi ningelipokea kama maji. Yeye alikaa kitandani, mikono mapajani, akasema kwa sauti ndogo, "Wiki mbili nilikuwa nalala nikijisemesha, nijue kama najisikia." Kisha akafuta uso kwa gauni lile lile alilolikunja. "Mbele ya Nahodha ndiko ulikonivua nguo. Huko huko ndiko utakakonivika. Twende."

"Sasa hivi? Nina kandambili."

"Twende nazo."

Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma. Nahodha alikuwa kwenye karakana yake, miwani juu ya paji, anafunga kamba za mlingoti kwa kibanio. Fundi wake wa tanga, mke wake, alikuwa pembeni anashona. Nikayasema yote mbele ya wote wawili. Pale kwenye "nilicheka" nilikwama, wifi akangoja mpaka nikapita.

Nahodha alivua miwani. Akaanza kusema aa, mambo madogo hayo, mizinga tu. Mkewe akamwambia, "Nyamaza wewe, si mizinga." Akaacha. Kisha Nahodha akamgeukia wifi, akainama, akapaza sauti kama watu walivyozoea siku hizo, neno moja moja:

"Pole sana, dada! Utarudi kazini?"

"Usinipigie kelele," wifi akasema. "Nasikia."

Amerudi. Safu ya chini tumeianza upya, nne na robo, na leo tumefika mzinga wa kumi na moja. Ananisalimu vizuri, anachukua chai anayopewa. Utani bado hajanirudishia. Nikisoma kipimo anaandika, hazimi mashine, haji kutazama midomo yangu. Mimi ndiye ninayesoma mstari mara mbili kabla ya kufungua mdomo, na kila ninapoinua macho kutoka kwenye lenzi namkuta mgongo umenielekea, anasubiri niseme.